Nasaha kwa Mja Mzito: Tabibu Afunzwe Nini?

Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia Mtume wetu rehema na amani, twapenda safari hii kuiweka mbele ya ndugu zetu wasomaji mas-ala moja ambayo imezungumzwa sana katika darasa letu, na ambayo wengi huipita kando kwa haya. Mas-ala yenyewe ni hii: je, wanafunzi wa utabibu, wake kwa waume, yafaa wafunzwe namna ya kusema na mwanamke aliyejikuta ana mimba asiyoikusudia? Na wakifunzwa, wafunzwe kumweleza njia zote zilizo mbele yake, hata ile ambayo wao wenyewe waiona ni haramu, au wafunzwe kumuonya tu na kumrudisha nyumbani?

Wako wasemao kuwa mafunzo haya ni mlango wa uovu, na kwamba kijana wa Kiislamu apelekwaye kusoma udaktari hakupelekwa kufunzwa maneno ya kuitoa roho tumboni. Na wako wasemao kuwa daktari asiyejua kusema na mwanamke aliyefikwa ni sawa na nahodha asiyejua kusoma upepo. Chombo chaweza kuwa kizima na abiria wakazama. Sisi twaona kuwa pande zote mbili zina hofu ya haki. Wa kwanza wahofia uhai ulio tumboni na wahofia dini. Wa pili wamhofia mwanamke aliye mlangoni. Mas-ala ambayo hofu ya haki iko upande mmoja tu huwa nyepesi, na ambayo iko pande mbili yataka utulivu. Twamuomba msomaji asituhukumu mpaka afike mwisho.

NI NANI HUYU MWANAMKE?

Neno la mimba isiyokusudiwa likitajwa, mawazo ya mji hukimbilia kwa msichana asiyeolewa, na hapo mazungumzo hufungwa kwa kutikisa vichwa. Lakini tabibu akaaye katika chumba chake hamuoni mmoja. Huwaona wengi, na kila mmoja ana khabari yake.

Yuko mke wa mtu anyonyeshaye mtoto wa miezi mitano, ambaye alidhani kunyonyesha kwamlinda, naye bado hajapata nguvu za uzazi uliopita. Yuko mke ambaye moyo wake uliharibiwa vilango vyake na homa ya baridi yabisi tangu utotoni, akaonywa kuwa mimba nyingine yaweza kumuua. Yuko ambaye mumewe afanya kazi Ghuba, alikuja kwa likizo ya mwezi, akarudi, na khabari ya talaka ikamfikia kwa simu kabla ya khabari ya mimba kumfikia mume. Yuko mtoto wa miaka kumi na mitano, aliyedhuriwa na mtu ambaye hula sahani moja na wazee wake. Na yuko wa tano, aliyeteleza kwa khiyari yake na sasa ajuta.

Huyu wa tano ndiye mji umuonaye peke yake. Daktari aliye na jawabu moja kwa wote watano huwa amewajibu wanne wasiokuwa mbele yake. Wa kwanza ataka kupumzishwa na kupangiwa matunzo. Wa pili ataka daktari wa moyo kabla ya neno lolote. Wa tatu ataka kujua haki zake za eda, nafaka na nasaba. Wa nne, kwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makosa ya unajisi, hana khiyari ya kuhisabiwa, kwani hajafika miaka kumi na minane. Yeye ni mdhulumiwa, na amtakalo tabibu kwanza ni usalama. Ikiwa daktari ataanza kwa kumkaripia mtoto huyu, amemsaidia dhalimu pasipo kujua.

HALI ILIVYO KATIKA NCHI YETU

Si vyema kusema juu ya jambo hili kana kwamba liko mbali. Uchunguzi uliofanywa Kenya kwa mwaka 2012, na Wizara ya Afya ikiwa mmoja wa waliouandaa, ulikisia kuwa mimba karibu 465,000 zilitolewa kwa makusudi katika mwaka huo mmoja, na kwamba wanawake karibu 120,000 walitibiwa katika vituo vya afya kwa madhara yaliyofuata. Katika uchunguzi wa nchi nzima wa mwaka 2022 ilionekana kuwa katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19, kiasi cha 15 wamekwisha kushika mimba. Watu hawa si wageni. Ni binti zetu, wake zetu na jirani zetu.

Ama sheria ya nchi, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 26, yasema kuwa uhai huanza mimba inapotungwa, na yakataza kutoa mimba illa ikiwa, kwa maoni ya mtaalamu wa afya aliyefunzwa, pana haja ya matibabu ya dharura, au uhai au afya ya mama imo khatarini, au ikiwa sheria nyingine iliyoandikwa imeruhusu. Na sheria za jinai, zilizorithiwa kutoka zama za Waingereza, zamuwekea mwenye kuitoa mimba kinyume cha sheria kifungo kifikacho miaka 14, na mwanamke mwenyewe miaka 7. Basi angalia, ewe ndugu msomaji: Katiba imelitegemeza jambo zito kama hili juu ya maoni ya mtu "aliyefunzwa". Asipofunzwa, maoni hayo yatatoka wapi?

Na hapa ndipo yalipotokea yaliyotokea. Mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitoa mwongozo wa kupunguza vifo na madhara yatokanayo na utoaji mimba wa khatari. Mwishoni mwa mwaka 2013 mwongozo ukaondolewa, na mapema mwaka 2014 ukatoka waraka wa kuwazuia wafanyakazi wa afya wasishiriki mafunzo ya jambo hilo. Katika mwaka huo huo wa 2014 binti mmoja, bado ni mtoto, alibakwa, akashika mimba, ikatolewa kwa njia ya khatari, akaugua kwa miaka hata akafa mwaka 2018. Kesi ikafikishwa Mahakama Kuu ya Nairobi, na mwezi wa Juni mwaka 2019 majaji watano wakaamua kuwa kuuondoa mwongozo ule na mafunzo yake kulivunja haki za wanawake na za wafanyakazi wa afya.

Hatuileti khabari hii ili kusema kuwa kila lililoamuliwa mahakamani ndilo lililoamuliwa na fikihi. Hizo ni mizani mbili. Twaileta ili tuone kuwa ujinga wa daktari nao una waliokufa kwa ajili yake. Mtu husema, "Tusifunze, tutakuwa salama." Lakini kutofunza nako ni kitendo, na kina matokeo yake, na mwenye kukitenda ataulizwa kama aulizwavyo mwenye kutenda.

WANAFUNZWA NINI HASWA?

Wengi walaumuo mafunzo haya hawajapata kuyajua. Basi na tueleze kwa ufupi.

Mwanafunzi hukalishwa katika chumba, na mbele yake huletwa mtu aliyefunzwa kuigiza mgonjwa. Njia hii ya kufunza si ya leo. Daktari mmoja wa Marekani, Howard Barrows, aliianza mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Southern California, na kutoka huko ikaenea katika vyuo vya utabibu duniani. Muigizaji husema, "Nimepima, nimeona nina mimba." Kisha hunyamaza. Na mwalimu huangalia mwanafunzi atafanya nini na kimya hicho.

Wengi hukosa hapo hapo. Mmoja husema "Hongera!" ilhali mwanamke machozi yamlenga. Mwingine husema "Pole sana," ilhali huenda aliomba mtoto kwa miaka kumi. Wa tatu huuliza, "Umeolewa?" na kwa neno hilo moja amekwisha kumgeuza mgonjwa kuwa mshitakiwa. Mwalimu humfunza kusema neno lisilo na hukumu ndani yake, kama vile, "Nawe waipokeaje khabari hii?" kisha asikilize.

Baada ya hapo hufunzwa kuhakikisha umri wa mimba, na kuwa imetunga mahali pake, kwani iliyotunga nje ya mji wa mimba haiwezi kukua, nayo yaweza kumuua mama kwa damu ya ndani. Hufunzwa kuuliza faraghani, pasipo mume, mama wala shangazi, ikiwa mwanamke yu salama nyumbani na ikiwa pana mtu amlazimishaye. Hufunzwa kueleza njia zilizopo, kwa maneno ya kweli na kwa kadiri sheria ilivyo: kuilea mimba na kumlea mtoto, na msaada upatikanao; kumlea mtoto kwa mikono ya mwingine; na ile njia ya tatu, pale ambapo sheria na hali ya afya vimeifungua, na pale ambapo havikuifungua. Hufunzwa dalili za khatari, damu nyingi na homa, ili mwanamke aliyekwisha kujidhuru kwa vijiti au kwa dawa za vichochoroni asikae nyumbani akifa kwa kuogopa polisi. Na mwisho hufunzwa kuuliza, "Wataka kurudi lini tuzungumze tena?" ili asiondoke akadhani mlango umefungwa.

Haya ndiyo mafunzo. Sehemu yake kubwa ni adabu ya kusikiliza, na adabu ya kusikiliza sisi twaihisabu katika mambo tuliyoyarithi. Al-Razi, tabibu mkubwa aliyefariki katika karne ya kumi ya miladi, alimuandikia mwanafunzi wake risala juu ya tabia za tabibu, na katika hayo alimkumbusha kuhifadhi siri, kwa kuwa mgonjwa humfunulia tabibu jambo alilomficha hata baba na mama yake. Waswahili nao walisema: mficha uchi hazai. Lakini nani atafunua mbele ya mtu ambaye atamcheka?

JE, KUFUNZA NI KURUHUSU?

Sasa tuingie katika hoja zenyewe. Hoja ya kwanza yasema kuwa kumfunza mtu jambo ni kumruhusu kulitenda. Lau ingekuwa hivyo, vyuo vyetu vyote vingefungwa. Kijana akaaye mbele ya mwalimu wake na kitabu cha fikihi husoma mlango wa talaka hali yeye hajaoa; husoma mlango wa diya hali hakuua; husoma hukumu za wizi, za riba na za zinaa, kwa tafsili ambayo angeisema barazani watu wangeinamisha nyuso. Hakuna aliyesema kuwa mwalimu amemuamrisha hayo. Elimu hufuata kitu kilivyo, na amri hufuata kitu kitakiwavyo. Mwenye kuvichanganya hujikosesha vyote viwili.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo yataka kupewa haki yake. Yasema: daktari akizieleza njia zote kwa uso mmoja na sauti moja, je, hakuziweka sawa halali na haramu? Na mwenye kuona munkari akanyamaza, hakushiriki?

Twajibu kwa kupambanua mambo matatu ambayo ulimi huyachanganya: khabari, nasaha, na hukumu. Khabari ni kueleza kitu kilivyo. Nasaha ni kumtakia mtu kheri katika jambo lake. Hukumu ni kulikata jambo. Mwenye duka aliye muaminifu huitengeneza mizani yake isiegemee popote; hatumwambii kuwa hajali tofauti ya sukari na mchanga kwa sababu mizani yake imenyooka. Bali mizani ikinyooka ndipo tofauti huonekana. Kadhalika khabari. Daktari aelezaye kwa ukweli hakusema kuwa njia zote ni sawa. Amesema kuwa yeye hatadanganya juu ya mojawapo.

Ama nasaha, wanavyuoni wa lugha ya Kiarabu wameirudisha kwenye maana mbili: kusafika kwa kitu kisichochanganywa na kingine, na kushona nguo. Tuzitazame maana hizi mbili. Nasaha iliyochanganywa na kujionesha, na hasira, na kutaka kushinda, si safi. Na mshonaji hashoni nguo ambayo hajaona imepasuka wapi. Atiaye kiraka kabla ya kuangalia huliacha tundu likiwa wazi na akaitoboa sehemu nzima. Daktari aanzaye kwa maonyo hali hajui ikiwa aliye mbele yake ni mke mgonjwa wa moyo au mtoto aliyebakwa, hakutoa nasaha. Ametupa sindano gizani.

Na hukumu si ya tabibu. Mwanamke huyu akiwa baleghe na mwenye akili ni mukallaf. Ataulizwa yeye mbele ya Mola wake kwa alilolijua na alilolichagua. Tabibu amfichaye ukweli, au amtishaye kwa madhara yasiyokuwapo, amemnyang'anya kule kujua na kule kuchagua, na kilichobaki si utiifu bali ni hofu. Hofu ya daktari siyo taqwa. Mwenye kuogopa daktari mmoja hutoka akaenda kwa mwingine, au akaenda uchochoroni. Mwenye kumuogopa Mungu hubaki na hofu yake popote aendapo.

Atasema mwenye kusema: lakini yumo wa tatu katika chumba hicho, naye hana ulimi, ni yule aliye tumboni, nani atamsemea? Hili ndilo neno zito kuliko yote, wala hatutalipunguza. Tabibu aweza kumsemea, na yapasa, kwa ukweli: aeleze mimba ilipofika, na kiumbe kilivyo katika majuma hayo, bila ya kuongeza wala kupunguza. Asiufanye ukweli huo fimbo ya kumpigia mama. Na akishasema hayo, utabaki mvutano baina ya haki ya mama na haki ya aliye tumboni ambao hakuna mafunzo yatakayouondoa. Mafunzo hayakuwekwa ili kuuondoa. Yamewekwa ili mwanafunzi asiukimbie kwa kusema uongo, wala kwa kumsukuma mgonjwa nje ya mlango.

TABIBU SI MUFTI

Wako waliotuuliza: kwa nini basi daktari Muislamu asiseme tu, "Ni haramu," tukamaliza? Kwa sababu wanavyuoni wenyewe hawakumaliza kwa neno moja. Imam Ghazali, naye ni katika wakubwa wa madhehebu yetu ya Shafii, alipambanua baina ya kuzuia mimba kwa azli na kuitoa iliyokwisha kutunga, akaihisabu ya pili kuwa ni jinai ambayo uzito wake huzidi kadiri mimba ikuavyo. Katika Hanafi wako walioruhusu kabla ya siku 120 kwa udhuru. Wengi katika Maliki walikaza tangu mwanzo. Na Baraza la Fikihi la Makka, katika kikao cha mwaka 1990, lilikubali kuitoa mimba ambayo madaktari waaminifu wamethibitisha kuwa ina ulemavu mzito usiotibika, ikiwa siku 120 hazijatimia na wazazi wametaka. Baada ya hapo halikukubali illa kwa kuokoa uhai wa mama. Hata Ibn Sina katika Qanun yake alitaja hali za haja, kama mama aliye mdogo wa umbo akahofiwa kufa katika uzazi. Hukumu basi hufuata hali, na hali haijulikani mpaka isikilizwe. Mufti mwenyewe huuliza kabla ya kujibu. Itakuwaje tabibu ajibu kabla ya kuuliza?

Na tutaje jambo moja ambalo laonesha jinsi tabibu na sheikh wanavyohitajiana. Siku 120 za wanavyuoni huhisabiwa tangu mimba kutunga. Madaktari huhisabu majuma tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, yaani kiasi cha majuma mawili kabla ya kutunga. Kwa hiyo siku 120 za fikihi ni kiasi cha majuma 19 kwa hisabu ya hospitali, wala si 17. Mwanamke huja kwa sheikh na karatasi ya daktari, na sheikh akaisoma kwa hisabu yake, na katika tofauti ya majuma mawili fatwa ikageuka. Ni mangapi yaharibikayo hapo, na dawa yake ni mazungumzo ya nusu saa baina ya watu wawili!

Kadhalika mtoto akizaliwa na mama hawezi kumlea. Vitabu vya madaktari vilivyoandikwa Ulaya na Marekani humfunza mwanafunzi kutaja kumtoa mtoto akawa mwana wa wengine na kuchukua jina lao. Mwanamke wa Kiislamu akisikia hayo hukataa, kwani nasaba haibadilishwi, naye hudhani kuwa mlango huo umefungwa. Mlango haukufungwa. Iko kafala, yaani kumchukua mtoto na kumlea kwa hisani hali nasaba yake imehifadhiwa, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeitaja kafala na kuitambua. Mwanafunzi asiyefunzwa neno hili amemnyima mgonjwa wake njia ambayo dini na serikali zote mbili zimeifungua. Na msichana wa skuli naye aambiwe kuwa nchi hii ina mwongozo wa mwaka 2020 wa kumrudisha masomoni baada ya kujifungua. Pengine maneno haya mawili, kafala na skuli, yataokoa mimba nyingi kuliko khutuba kumi za laana.

DHAMIRI YA MWANAFUNZI

Je, mwanafunzi aaminiye kuwa jambo ni haramu alazimishwe kulitenda kwa mkono wake? Sisi twasema hapana. Dhamiri si nguo ya kuvuliwa mlangoni mwa hospitali. Lakini dhamiri yake imelinda mkono wake. Haikumpa ruhusa juu ya uhai wa mwingine. Mambo matatu hayamhalalikii kwa dhamiri yoyote. La kwanza ni uongo: asibuni madhara wala asifiche ukweli. La pili ni kuchelewesha: asimwambie "rudi wiki ijayo" ili siku zimpite, bali amueleze wazi kuwa yeye hatendi jambo hili na amuelekeze kwa mkubwa wake. Na kuchelewesha humdhuru hata yule atakayeilea mimba yake, kwani Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 lashauri mja mzito aonwe mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya majuma 12 kupita. La tatu ni kumuacha katika khatari: mwanamke atokwaye na damu haulizwi alifanya nini kabla ya kutibiwa. Huyo ni roho, na kuiokoa ni faradhi.

Na akiulizwa na mgonjwa, "Dini yasemaje?" asikimbie. Aseme ajualo kwa upole, aseme kuwa wanavyuoni wana tafsili, na amuelekeze kwa mwenye kujua. Lakini asiivalishe dini koti la daktari. Aseme, "Hili nalisema kama ndugu yako Muislamu, na lile nalisema kama tabibu wako." Akivitenga vitu viwili hivi, mgonjwa atakuwa na yakini na vyote viwili.

SIRI NI AMANA

Limebaki jambo la siri, na kwetu sisi watu wa miji midogo ni jambo la mauti na uzima. Mwaka 2019, katika jimbo letu la Pwani, polisi waliingia zahanati moja ya Kilifi, wakachukua karatasi za matibabu za msichana, wakamkamata yeye na mtabibu wake. Kesi ilifika Mahakama Kuu ya Malindi iliyotoa hukumu mwaka 2022, kisha ikakatiwa rufaa. Wanasheria na wahojiane. Sisi twatazama upande wa maadili tu. Msichana aliyesikia khabari hiyo, na kesho damu ikamtoka, atakwenda hospitali au atajifungia chumbani? Siri ikivunjwa mara moja, kumi hufa kimya.

Wala si polisi pekee. Mfagiaji akisikia, muuguzi akimnong'oneza shoga yake, karani akiliita jina kwa sauti na maradhi yake, khabari huwa imefika Mji wa Kale kabla ya mgonjwa kufika. Basi mwanafunzi afunzwe kuwa siri huhifadhiwa kwa mlango, kwa daftari, kwa simu na kwa ulimi. Mpaka wake ni mmoja tulioutaja: mtoto adhuriwaye na mtu mzima hafichiwi dhalimu wake, naye aambiwe mapema, kwa upole, kuwa jambo hilo litapelekwa kwa wenye kumlinda.

WAJIBU WETU SISI

Tusimtwike mwanafunzi peke yake. Masheikh yatupasa tukae na madaktari tuzisome mas-ala hizi pamoja, ili mwanamke atakayeelekezwa kwetu asipate kwetu ukali ambao daktari amefunzwa kuuacha. Wazazi yawapasa wawape binti zao ruhusa ya kusema kabla ya msiba, kwani binti aliyezoea kunyamazishwa hatasema siku ya haja. Twahitaji binti zetu wengi zaidi wasome utabibu, ili mja mzito apate mwanamke mwenziwe wa kumfungulia moyo. Na wanaume yatupasa tukumbuke kuwa hakuna mimba iliyoingia kwa nguvu za mwanamke peke yake. Mji umlaanio mmoja na kumuamkia mwenziwe kwa heshima hauna haki ya kuwafunza madaktari uadilifu.

Basi jawabu letu kwa walioulizia ni hili: wafunzwe, na wafunzwe vyema. Wafunzwe kusikiliza kabla ya kusema, kusema kweli bila ya kutisha, kuhifadhi amana, na kuijua mipaka ya elimu yao. Anayechukia mimba zisitolewe na achukie pia kuwa mwanamke hana wa kumuuliza; kwani mwenye kupata wa kumsikiliza hupata nafasi ya kufikiri, na asiyepata hukimbilia la karibu.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awasitiri wanawake wetu, awape matabibu wetu elimu yenye huruma, na atujaalie sote tuwe wenye kushona wala si wenye kupasua. Amin.